Nani Aliyemlevya Kijana Huyu?

Msomaji wangu, hapana shaka umepata kumwona kijana mlevi kando ya njia. Jua limekwisha panda, watu wa rika lake wako kazini au darasani, naye amelala ukingoni mwa mfereji, kiatu kimoja mguuni, na cha pili hakijulikani kilipo. Wapita njia hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza hucheka. Fungu la pili hugeuza uso kwa kinyaa na kuharakisha mwendo. Fungu la tatu, ambalo hujiona lina hekima kuliko yale mawili, husimama likatoa hukumu: "Watu wa namna hii ndivyo walivyoumbwa. Pombe imo katika damu yao."

Insha hii ina ugomvi na fungu hilo la tatu. Achekaye ni mjinga, na ujinga hutibiwa kwa mafunzo. Ageuzaye uso ni mwoga, na woga huisha kwa mazoea. Lakini asemaye kuwa ulevi umo katika damu ya taifa fulani husema uongo uliovaa joho la elimu, na uongo wa namna hiyo hupokewa hata na watu wenye akili. Watawala wa Kizungu waliusema juu ya Waafrika. Ulisemwa pia juu ya wenyeji wa asili wa Marekani na wa Australia baada ya kunyang'anywa nchi zao. Na sisi, tulioukataa ulipotupiga, tumeuokota chini na kuwarushia jirani zetu wa kabila jingine. Ni mara ngapi umesikia, hata katika mabweni ya shule, kwamba watu wa upande fulani wa Kenya ni walevi kwa asili yao?

Nataka kukuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba dhiki za utotoni hutengeneza njia ya ulevi kwa mtu wa rangi yoyote. La pili, kwamba ubaguzi wa rangi ni namna mojawapo ya kuwajeruhi watoto, tena watoto wengi kwa pamoja. La tatu, ambalo ni chungu kuliko yote, kwamba mara kwa mara mkono uliojeruhi ndio uliouza kileo. Nikishindwa kuyathibitisha, una haki ya kufunga kitabu.

Nianze na la kwanza. Mwaka 1998 Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mji wa San Diego, Marekani. Watu wazima zaidi ya 9,500 waliulizwa habari za utoto wao. Je, walipigwa au kutukanwa nyumbani? Je, waliingiliwa na watu wazima? Je, mama yao alipigwa mbele ya macho yao? Je, waliishi na mlevi, au na mtu mwenye maradhi ya akili, au na mtu aliyefungwa gerezani? Majibu yao yalilinganishwa na afya yao ya ukubwani. Waliopatwa na aina nne au zaidi za dhiki hizo, wakilinganishwa na wale wasiopatwa hata na moja, walikuwa na hatari iliyozidi mara 4 mpaka 12 ya kuingia katika ulevi, dawa za kulevya, huzuni kubwa na jaribio la kujiua.

Sasa tazama watu hao walikuwa nani. Walio wengi walikuwa Wazungu, wenye bima ya matibabu, na wengi wao walikuwa wamepata kusoma katika vyuo. Hawakuwa watu wa vibanda wala wa taifa lililodharauliwa. Hata hivyo, mtoto aliyeumizwa miongoni mwao alikielekea kikombe kama aelekeavyo mtoto aliyeumizwa popote. Ni kweli kwamba udhaifu mbele ya pombe waweza kurithiwa katika ukoo, baba kwa mwana. Lakini ukoo ni jambo moja na taifa ni jambo jingine, na maadam jeraha huzaa ulevi hata katika nyumba za wenye nafasi, aletaye hoja ya damu ya taifa zima hana pa kuishikiza.

Utauliza, jeraha la mtoto wa miaka saba lina uhusiano gani na chupa ya kijana wa miaka ishirini? Wahenga walikujibu zamani waliposema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aishiye katika hofu hukaa kama askari wa zamu asiyepata wa kumpokea. Moyo wake hupiga mbio kwa kishindo kidogo, usingizi wake huwa mwepesi, na mwili wake humimina kila mara zile kemikali ambazo watu wengine huzihitaji siku ya hatari tu. Sehemu ya ubongo itumikayo kuzuia tamaa na kupima mambo huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini, na hofu ya siku nyingi huidhuru ingali changa. Kisha siku moja kijana huyo huonja pombe. Kwa mara ya kwanza mlinzi aliye ndani yake huketi chini. Wenzake hunywa kutafuta furaha, naye hunywa kutafuta pumziko. Hajui kuwa pombe ni mkopeshaji mwenye riba kali. Raha impayo jioni huidai asubuhi, pamoja na nyongeza, na ili alipe hana budi kukopa tena.

Hilo ni la kwanza. La pili ni ubaguzi. Kuna watu wasemao kuwa neno halivunji mfupa, na kwamba mtoto aliyeitwa jina baya kwa ajili ya rangi yake atasahau akikua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliwafuata kwa miaka mingi watoto wa mamia ya familia za Wamarekani Weusi katika majimbo ya Iowa na Georgia. Watoto hao walikuwa na miaka kama 10 mpaka 12 walipoanza kuulizwa kama wamepata kutukanwa, kushukiwa au kutengwa kwa sababu ya rangi yao. Miaka ilipopita, wale walioonja ubaguzi zaidi walielekea zaidi kutumia pombe na vitu vingine vya kulevya, na mlango mmoja walioupita ni hasira: hasira ya mtu aliyedhulumiwa asiyejua pa kushtaki.

Tena kuna jambo linalowafunga midomo wapenda hoja ya damu. Kwa wastani, vijana Weusi wa Marekani hunywa pombe kidogo kuliko vijana wa Kizungu wa nchi hiyo hiyo. Vipi basi? Je, ubaguzi hauwadhuru? Unawadhuru, lakini kuna ngao. Katika familia za Iowa na Georgia, watoto waliokuwa na wazazi wa karibu, wazazi waliozungumza nao, waliojua waliko, na waliowaonyesha upendo, walidhurika kidogo kuliko wenzao. Ngozi ni ile ile, matusi ni yale yale, na tofauti imo katika malezi. Shika jambo hili, msomaji, maana nitalirudia mwishoni.

Ili uuone ubaguzi kwa kimo chake chote, twende Afrika Kusini, ambako kwa miaka mingi haukuwa tabia ya watu wabaya tu, bali ulikuwa sheria ya dola. Sheria za pasi zilimruhusu baba kufanya kazi mjini na kumkataza kuishi huko na mkewe na watoto wake. Baba alilala katika bweni la wanaume, na mwana alikua akimjua baba yake kwa picha na kwa fedha ziletwazo na posta. Sheria ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi za watu. Kwa sheria hiyo mtaa wa District Six, mjini Cape Town, ulitangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa, nyumba zao zikabomolewa. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 iliweka elimu duni kwa makusudi kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Katika miaka ya 1970 fedha zilizotumiwa kwa mtoto mmoja wa Kiafrika shuleni zilikuwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya zile zilizotumiwa kwa mtoto wa Kizungu. Baba hayupo, nyumba imebomolewa, shule haina vitabu. Dhiki ambazo madaktari wa San Diego walizihesabu nyumba kwa nyumba zina ndugu zao hapa, nazo zilipitishwa bungeni, zikatiwa sahihi, zikagawiwa watoto kwa mamilioni.

Sasa nafika kwenye jambo la tatu. Je, waliotenda haya walisikitika kumwona mtu Mweusi akilewa? Tazama mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi. Tangu zama za utawala wa Waholanzi, katika karne ya 17, wenye mashamba waliwapa watumwa na vibarua mvinyo kuwa sehemu ya ujira wao. Desturi hiyo, iliyoitwa "dop", iliishi kupita utumwa wenyewe. Kibarua alipewa kikombe asubuhi kabla ya kushika kazi, akapewa tena mara kadhaa kabla ya jua kutua. Mvinyo ule ulikuwa rahisi kuliko fedha, na mtu aliyezoea kikombe hakuwa na nguvu ya kuhama shamba. Sheria ya vileo ya mwaka 2003 ilikataza waziwazi kumlipa mfanyakazi kwa pombe. Lakini deni lilikuwa limekwisha pita kwa wana na wajukuu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000, uliofanywa katika mji mmoja wa sehemu hizo, ulikuta kwamba watoto zaidi ya 40 katika kila 1,000 wa umri wa kuanza shule walikuwa na maradhi yaletwayo na pombe iliyonywewa na mama wakati wa mimba. Kiwango kikubwa namna hiyo kilikuwa hakijapata kuandikwa juu ya jamii yoyote duniani. Mtoto huyo alilevywa kabla ya kuzaliwa. Msimame mbele ya kitanda chake, enyi mnaosema kuwa ulevi umo katika damu, mtuambie ni nani aliyeutia humo.

Kutoka Rasi twende Durban. Mwaka 1908 koloni la Natal lilitunga sheria iliyoruhusu miji kushika peke yake biashara ya pombe ya kienyeji ya mtama, na mwaka uliofuata Durban ukaanza kazi hiyo. Wanawake wa Kiafrika waliopika pombe nyumbani ili wapate karo na chakula walikamatwa, na mitungi yao ikamwagwa. Papo hapo, mji wenyewe ulijenga vilabu, ukauza pombe ile ile kwa wanaume wale wale, na faida ikalipia mabweni yao na ofisi za kuwatawala. Waafrika walijinunulia minyororo yao kikombe kwa kikombe. Biashara hiyo ilipendeza watawala wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya Nairobi nayo ilishika peke yake uuzaji wa pombe ya Kiafrika, ikafungua kilabu chake Pumwani. Kwa hiyo, msomaji wa Kenya, habari hii si ya ugenini. Babu wa babu yako huenda aliketi katika kilabu hicho, akanywa, akalipa, kisha akasikia akiambiwa kuwa watu wa rangi yake hawajui kiasi.

Si watu wote walionyamaza. Mwezi wa Juni mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, karibu na Durban, waliingia katika vilabu vya mji, wakawatoa wanaume na kuimwaga pombe, wakapigwa na polisi kwa ajili hiyo. Na tarehe 16 Juni mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto, watoto wa umri wako, walitoka madarasani kupinga kufundishwa kwa lugha ya Makaburu. Polisi waliwapiga risasi. Katika ghadhabu ya siku hiyo na ya siku zilizofuata, wanafunzi walichoma ofisi za serikali, na pamoja nazo walichoma vilabu na maduka ya pombe. Mimi sikufundishi kuchoma nyumba, wala sisemi kuwa moto ni mwalimu mwema. Nakuomba ufikiri kwa nini watoto waliokuwa wakidai lugha na vitabu waliviona vilabu vya pombe kuwa ni adui yao. Vilabu vile vilikuwa mali ya bodi iliyoutawala mji wao, na mapato yake yalilisha utawala uliowanyima vitabu. Waliona baba zao wakiingia humo siku ya mshahara na kutoka mikono mitupu. Watoto wale walikuwa wamelijibu swali la insha hii kabla yangu: walijua nani aliyemlevya baba.

Utawala huo ulianguka mwaka 1994, lakini jeraha halifuati kalenda ya uchaguzi. Hata leo zaidi ya nusu ya watu wazima wa Afrika Kusini hawanywi kabisa, jambo ambalo wapenda hoja ya damu hawalitaji. Lakini wale wanywao, wengi wao hunywa mpaka kupita kiasi, na wengi ni vijana. Mwezi wa Juni mwaka 2022, katika baa moja ya kitongoji cha mji wa East London, vijana 21 walikufa katika usiku mmoja. Wengi wao hawakufika miaka 18, umri ambao sheria ya nchi yao inautaka kwa mtu kuuziwa kileo. Mitaa kama ule iliachiwa baa nyingi kuliko maktaba na viwanja vya michezo, na mtoto hucheza pale palipo wazi.

Najua kuna hoja ya kunipinga, nami sitaikwepa. Mtu atasema: "Wewe unamtafutia mlevi udhuru. Wako wengi walioteswa utotoni na kubaguliwa ukubwani, wala hawakunywa hata tone." Maneno hayo ni kweli, na nawaheshimu watu hao. Lakini kueleza chanzo cha moto si kuusifu moto. Daktari aelezaye kuwa malaria huletwa na mbu hamwambii mgonjwa asinywe dawa, bali huwaambia watu wafukie madimbwi. Kadhalika mimi simwondolei kijana mlevi wajibu wake. Mkono unaoinua kikombe ni wake, na hapana mwingine awezaye kukishusha kwa niaba yake. Ninachokataa ni desturi ya kumwuliza yeye peke yake maswali yote, na kumwacha aliyemjeruhi na aliyemwuzia waende zao wakiitwa waungwana. Na wale walioteswa wasilewe, ukiwauliza siri yao, aghalabu watakutajia mtu: bibi aliyewapokea, mwalimu aliyewaamini, mzee wa kanisa au wa msikiti aliyewaita kwa majina yao. Ndiyo ngao ile tuliyoiona Iowa na Georgia.

Sasa nageuka kwako. Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kumwuzia pombe mtu asiyefika miaka 18, na inataka baa ikae mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Sheria hiyo ni njema, na kila mtu aione ikishikwa. Lakini sheria ya baa haiwezi kuingia jikoni usiku na kumzuia baba asimpige mama mbele ya watoto. Haiwezi kuingia bwenini na kuzuia ulimi wa mwanafunzi amwitaye mwenzake kwa kabila lake kana kwamba kabila ni tusi. Hapo mlinzi ni wewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mtu mara nyingi huanza na neno dogo lililosemwa na rika lake mbele ya wengine wanaocheka.

Basi nakutaka mambo matatu, nayo hayahitaji fedha. Ukisikia mtu akisema kuwa kabila fulani ni walevi kwa asili, mwulize kwa adabu ni nani aliyewauzia, ni nani aliyewanyang'anya, na watoto wao walikula nini mwaka huo. Ukijua kuwa mwenzako anateswa nyumbani, usimfanye hadithi ya bwenini. Mketie karibu, na umpeleke kwa mtu mzima unayemwamini. Na kama aliyeumizwa ni wewe mwenyewe, jua kuwa jeraha lako si aibu yako, na aibu ni ya aliyelitia. Lisemee mbele ya mtu mwema kabla chupa haijajitolea kukusikiliza, kwa kuwa chupa husikiliza vizuri, lakini haitoi siri ya mtu bila kumwangusha.

Yule kijana bado amelala ukingoni mwa mfereji. Jua limezidi kupanda. Zamani alikuwa mtoto mwenye kiatu cha kila mguu, na kuna mtu aliyejua jina lake. Ukipita hapo kesho, usicheke, usigeuze uso, wala usitoe hukumu juu ya damu yake. Mwinue atoke kwenye maji, utafute kiatu chake cha pili, kisha umwulize anaitwa nani.